Nusu ya Dozi Madukani

Mji wa Tabora umezoea kungojea mizigo ya pwani tangu zama za misafara. Dakta Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji huo, tangu Machi mpaka Agosti 1872 akiwangojea wapagazi na vifaa. Naye aliijua shida ya kukosa dawa, maana sanduku lake la dawa lilipotea njiani Januari 1867, wapagazi walipotoroka nalo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na leo Bohari ya Dawa ina ghala la kanda mjini humo. Kwa mfanyakazi wa Isevya, basi, swali kubwa aghalabu si dawa iko wapi. Ni nani anayemwuzia, na kwa kiasi gani.

Zamani watu wengi walitegemea maduka ya dawa baridi. Kwa sheria maduka hayo hayakuruhusiwa kuuza dawa zinazohitaji cheti cha daktari, lakini ziliuzwa vivyo hivyo, tena na watu wasiofunzwa. Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ilianza mkoani Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao baadaye ulienea Tanzania Bara. Mtoa dawa hufunzwa kwanza, jengo hukaguliwa, na duka hupewa orodha ya dawa za cheti ambazo laweza kuziuza, amoksilini ikiwa mojawapo. Twaona huu ulikuwa uamuzi wa busara, kwani katazo lisilofuatwa halimlindi mgonjwa.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 ilikabidhi usimamizi wa taaluma hii kwa Baraza la Famasi. Mwaka 2019 Mamlaka yenyewe ilibadilishwa ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na shughuli za chakula zikahamia Shirika la Viwango. Yafaa mwenye duka ayajue mabadiliko hayo, maana wapo wasiojua hata waombe kibali mlango gani.

Lakini tuseme wazi: penye mashaka zaidi si ofisini, ni mezani pa duka. Mtu huja katikati ya mwezi, mshahara umekwisha, akasema, "Nipe vidonge vinne tu, vingine nitachukua kesho." Mwuzaji ahesabu vinne, avitie katika bahasha isiyoandikwa kitu. Siku ya pili homa yapungua, na mnunuzi harudi. Vijidudu dhaifu vimekufa. Vilivyo sugu vimebaki, navyo huenea kwa jirani. Imekadiriwa kwamba katika mwaka 2019 pekee watu wapatao milioni 1.27 walikufa duniani kwa sababu ya bakteria zilizoshinda dawa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Klorokwini, iliyokuwa katika kila nyumba, iliachwa kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea viliizoea. Ikafuata SP, nayo ikaondolewa katika nafasi hiyo mwaka 2006, ikabaki kinga ya wajawazito. Sasa twategemea dawa ya mseto. Na tayari watafiti wamekuta Karagwe, nchi ambayo misafara ya Tabora ilipitia kwenda Buganda, vimelea vyenye dalili za kuishinda nguvu artemisinini iliyomo katika mseto huo. Zikichoka dawa hizi, sijui tutakimbilia ghala gani.

Kwa hiyo mtoa dawa hana budi kukataa kuuza nusu ya dozi, japo mteja anune. Amweleze, aandike siku na saa za kumeza, na mgonjwa aliye mahututi, hasa mtoto mchanga, ampeleke zahanati au hospitali ya Kitete bila kumjaribishia kitu. Duka la dawa muhimu si mahali pa kupiga sindano. Naye mfanyakazi asione haya kuuliza: dawa hii ni ya nini, na mwisho wake lini?

Lipo jambo moja ambalo wenye maduka hawapendi lisemwe. Mtoa dawa aliyefunzwa akitaka mshahara wa haki, huachishwa, na mahali pake huwekwa mpwa wa tajiri, kijana mzuri asiyejua lolote. Cheti cha yule aliyeondoka huendelea kuning'inia ukutani. Mkaguzi akija asitosheke kukisoma. Aulize ni nani aliyeuza dawa jana usiku.