Vijana Wetu na Haki Yao

Imekuwa ada yetu sisi watu wa makamo kuwataja vijana pale wanapokosea tu. Kijana akivunja kioo cha jirani, khabari huenea mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Akimbebea kikongwe ndoo ya maji mpaka ghorofa ya tatu, hakuna asemaye neno. Mimi niandikaye haya nimesomesha chuoni kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, na katika kosa hili nilikuwa mstari wa mbele. Kwa hivyo naomba nisimulie jambo lililotokea mtaani kwetu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, mwaka 2020, kwani ni deni lililo shingoni mwangu nami sijalilipa.

Mwaka ule, yalipoingia maradhi ya korona, misikiti na vyuo vilifungwa mwezi wa Machi, na tokea tarehe 27 ya mwezi huo watu wakakatazwa kutoka nje kuanzia saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Kisha tarehe 6 Mei, nasi tumo katika Ramadhani ya mwaka 1441, Serikali ikatoa amri kwamba Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, ifungwe: asiingie mtu wala asitoke, na masoko na mikahawa ya ndani ifungwe. Amri ilikuwa ya siku 15, kisha ikaongezwa mpaka tarehe 6 Juni, hata Idi ikatukuta tumo ndani. Sisemi kwamba amri ile ilikuwa mbaya, kwani maradhi yalikuwa ya kweli na watu walikuwa wakifa. Nasema tu kwamba ilitukuta mikono mitupu.

Mwenye kuujua mtaa wetu atafahamu. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na nyumba moja huweza kuwa na jamaa watatu au wanne, kila jamaa na ghorofa yake. Wengi hula walichokipata siku ile ile: huyu muuza kahawa, yule mpika mahamri, yule mchukuzi, yule aongozaye wageni kwenye Ngome ya Yesu. Wageni hawaji, usiku hapana ruhusa ya kutoka, na kahawa huuzwa usiku. Maji nayo, kama ijulikanavyo, wengi hununua kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni. Mtu wa namna hii ukimfungia siku kumi, ndani mwake hapana akiba ya kuhesabu.

Sasa niwataje vijana. Ubavuni mwa msikiti wetu pana baraza ya mawe, na hapo walikuwa wakikaa vijana kila alasiri, simu mikononi, sauti juu. Niliwaita wavivu mbele ya wanafunzi wangu. Zaidi ya hayo, nilimwambia mhudumu wa msikiti aimwagie maji baraza ile kila baada ya sala ya alasiri, ili wasipate pa kukaa. Naye alifanya hivyo kwa miezi mingi, na wao wakawa hukaa kitako juu ya viatu vyao, wasiseme kitu. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Siku ya pili baada ya mtaa kufungwa, vijana hao hao walinunua daftari la shule la kurasa 200 wakaanza kupita nyumba hadi nyumba. Walikuwa wavulana saba na wasichana wawili, na wale wasichana ndio walioshika kalamu. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwani mama mwenye haja hamwambii kijana wa kiume kwamba jana watoto walifuturu maji na tende. Humwambia msichana, tena mlangoni, tena kwa sauti ya chini. Jina la mtu hawakuliandika. Waliandika alama tu: mlango wa buluu, ghorofa ya juu, watu sita, mmoja ana sukari na dawa imebaki ya siku nne. Nilipowauliza baadaye kwa nini hawakuandika majina, yule msichana mkubwa alinijibu, "Maalim, daftari likianguka njiani, asiaibike mtu." Nakiri kwamba katika miaka yangu yote ya kusimamia sadaka, mimi sikupata kuifikiri hila hiyo, sisi tulikuwa tukiwaita watu kwa majina yao, wakijipanga foleni juani.

Fedha walizitafuta kwa simu zile zile nilizokuwa nikizilaumu. Waliwaandikia jamaa zao walioko Nairobi, na walioko Maskat na Dubai, na kila kilichoingia kiliandikwa nyuma ya daftari, na kila kilichotoka kadhalika. Unga, mchele, mafuta, sukari na maharagwe vikafika kwenye kizuizi, nao wakavipokea na kuvisukuma kwa mkokoteni. Kazi ya kugawa ilikuwa na saa zake. Jua la Mombasa mwezi wa Mei huchwa yapata saa kumi na mbili na robo, na saa moja hapana ruhusa ya kuwa njiani. Basi chakula kilichopikwa yalazimu kiwe kimefika kwa kila mwenye haja baina ya alasiri na magharibi. Wakiwa wamefunga, na barakoa usoni, walipanda ngazi zile zetu za mbao, ambazo mtu mzima huzipanda huku akivuta pumzi, wakabisha hodi, wakaweka bakuli chini, wakarudi nyuma hatua mbili ili mwenyewe afungue. Wao wenyewe nimewaona wakifuturu kwa tende wamesimama kichochoroni.

Yako mengine nitayapita kwa haraka. Watu walipoogopa kupimwa, kwa kuchelea kupelekwa karantini, vijana walitangulia wao kupimwa hadharani ili wengine waige. Na alipofariki mzee mmoja wa mtaa, na maziko yakiwa hayaruhusiwi watu zaidi ya 15, wao ndio waliochimba.

Lakini lililonichoma ni la mlangoni kwangu. Mwalimu wa chuo huishi kwa ada za watoto. Watoto wasipokuja, hapana ada. Na hata mwezi wa Julai, misikiti ilipofunguliwa kwa watu 100 na kwa muda wa saa moja, vyuo viliachwa vimefungwa. Mimi sikumwambia mtu. Nilivaa kanzu yangu iliyopigwa pasi na kuwasalimu watu kama kawaida. Siku moja ya kumi la mwisho la Ramadhani, nilifungua mlango nikakuta mfuko wa unga, mafuta na kilo mbili za mchele. Nilitoka nikamwona aliyekuwa akiishia kwenye kona: ni yule kijana niliyekuwa nikimwita jina baya kuliko wote. Baadaye nikalipata daftari mkononi, nikajitafuta. Nimo: "Nyumba iliyo nyuma ya chuo, watu watano, hatasema."

Maradhi yalipopungua tulifanya kikao cha shukrani. Wakashukuriwa wafadhili, wakashukuriwa wazee wa kamati, na mimi nikaombwa nisome dua. Vijana walikuwa nje wakipanga viatu na kugawa maji. Mwaka uliofuata waliomba wawili wao waingizwe katika kamati ya mtaa, waendelee na daftari lao kwa ajili ya wajane na wagonjwa. Wakajibiwa kwamba bado ni wadogo. Nilikuwepo, na niliyala maneno yangu.

Nami ni mtu niliyewasomesha watoto wangapi khabari ya Zaid bin Thabit! Alikuwa kijana aliyepita miaka ishirini kwa kidogo tu pale Sayyidna Abubakar alipomkabidhi kazi ya kuikusanya Qurani, na masahaba wazee wa kila daraja wako hai. Hakukabidhiwa kuwa mpanga viatu. Alikabidhiwa kuandika, kwa kuwa alijua kuandika na alikuwa mwaminifu.

Daftari lile limekwisha na jingine limejaa; sasa wako katika la tatu. Yule msichana mkubwa ameolewa, na mdogo wake ndiye ashikaye kalamu. Unga huwekwa chini ya kitanda cha mmoja wao, na panya wanakula. Chumba kimoja cha chuo changu hakina kitu ila mikeka mibovu, na wiki iliyopita nimewapa ufunguo. Baraza haimwagiwi maji tena. Kamati yetu itakutana siku ya Ijumaa ijayo baada ya sala ya isha, na nimekwisha kuwaambia waje, na daftari waje nalo. Safari hii nitasema mimi kwanza, kabla hajasema mwengine.