Billy Fisher, mwongo wa Stradhoughton

Riwaya ya Billy Liar, iliyoandikwa na Keith Waterhouse, ilitoka Uingereza mwaka 1959, na mambo yake yote yanatokea Jumamosi moja. Msimulizi ni Billy Fisher, kijana wa miaka 19 anayeishi na wazazi wake na bibi yake huko Stradhoughton, mji wa kubuni uliowekwa Yorkshire, kaskazini mwa nchi. Ni karani katika kampuni ya mazishi, kazi asiyoipenda hata kidogo. Ndoto yake ni kwenda London kuwaandikia wachekeshaji, na asubuhi hiyo anawatangazia watu wa nyumbani kwamba kazi ameshaipata. Ukweli ni kwamba mchekeshaji mmoja, Danny Boon, amemjibu kwa barua isiyoahidi chochote.

Uongo huo ni mmoja tu kati ya mingi. Billy ana wachumba wawili, Barbara na Rita, na pete ni moja. Ili Rita avae, inabidi Barbara avuliwe kwa kisingizio cha sonara. Mama wa rafiki yake Arthur anaamini kwamba Billy ana dada, ingawa dada huyo hajawahi kuzaliwa. Chumbani mwake kumefichwa rundo la kalenda ambazo ofisi ilimpa awapelekee wateja kwa posta. Pesa za stempu alizila zamani. Sasa anahangaika kuzitokomeza kalenda hizo kwa kuzitumbukiza chooni, na aliyewahi kuona choo kilichoziba anajua jinsi mpango wa aina hiyo unavyoishia.

Hadithi za watu wajanja si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili, lakini Billy si Abunuwasi. Uongo wa Abunuwasi unamtoa shimoni na kumwachia faida. Wa Billy unamzamisha, na kila anapojaribu kujinasua anaongeza mwingine. Zaidi ya hapo, mara nyingi hana cha kupata. Anadanganya kwa sababu maisha aliyopewa hayamtoshi. Ndiyo maana amejijengea nchi nzima kichwani, Ambrosia, ambako yeye ni shujaa wa vita na kiongozi anayeshangiliwa barabarani. Baba akifoka mezani, Billy huhamia Ambrosia na kuwafyatulia wote risasi za bunduki ya rashasha, kisha anarudi kumalizia kifungua kinywa. Ucheshi wa kitabu unatoka hapo: msomaji anazijua dunia zote mbili kwa wakati mmoja, wakati waliomzunguka Billy wanaiona moja tu.

Waterhouse aliujua mji wa namna hiyo. Alizaliwa Leeds mwaka 1929, akaacha shule mapema, akawahi kuwa karani kwa mzika maiti kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, kwanza nyumbani kwao na baadaye London. Tofauti na Billy, yeye aliondoka. Riwaya yake ilitoka miaka ambayo vijana wa familia za wafanyakazi wa kaskazini walianza kujaa katika fasihi ya Uingereza. John Braine alikuwa ametoa Room at the Top mwaka 1957, na Alan Sillitoe Saturday Night and Sunday Morning mwaka uliofuata. Mashujaa wa vitabu hivyo wana hasira na wanatenda. Billy anawaza tu, na Waterhouse hamwonei huruma ya bure: wazazi anaowadharau wana haki ya kuchoka naye.

Mtu pekee asiyedanganyika ni Liz, msichana anayeondoka mjini kila anapojisikia, bila kutangaza. Anaifahamu tabia ya Billy na haimtishi. Kuwapo kwake kunafichua jambo ambalo vichekesho vimekuwa vikilifunika, yaani kwamba hakuna aliyemfunga Billy mjini. Usiku wa Jumamosi hiyo bibi yake anafariki hospitalini. Billy anakwenda stesheni, anakata tiketi ya London, halafu anarudi nyumbani kwa miguu. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa woga, na wapo wanaosema ndiyo mara ya kwanza anabeba mzigo wa familia. Kitabu kinaruhusu hukumu zote mbili, ingawa ile ya woga ina ushahidi mwingi zaidi: mtu aliyezoea kutawala Ambrosia angekuwa nani London?

Mwaka 1960 Waterhouse na Willis Hall waliigeuza riwaya kuwa tamthilia, Albert Finney akicheza kama Billy. Tom Courtenay alimrithi jukwaani, kisha akawa mwigizaji mkuu katika filamu ya John Schlesinger ya mwaka 1963, iliyomwonyesha Julie Christie kama Liz na kumpa umaarufu. Ikafuata tamthilia ya muziki mwaka 1974. Mwaka 1975 Waterhouse alimrudia Billy katika Billy Liar on the Moon: sasa ni mtu mzima, ameoa, ameajiriwa na halmashauri ya mji mwingine, ana mpenzi wa pembeni, na bado anadanganya.