Mavazi ya asili Rusizi: Picha nyingi, majina hakuna

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

UKIPITA Kamembe siku ya Jumamosi, hasa miezi ya Julai na Agosti mvua inapokuwa imekatika, ni nadra kukosa msafara wa harusi unaoteremka kuelekea Ziwa Kivu kutafuta mahali pa kupigia picha. Bibi harusi na wasindikizaji wake wamevaa mishanana ya rangi moja, vijana wamefunga vitambaa begani na kushika fimbo, na mbele yao yupo mpiga picha anayetembea kinyumenyume huku akiwapigia kelele wasimame vizuri. Baada ya saa moja wameondoka. Jumatatu mishanana inarudi kwa mwenye kuikodisha, na picha zimekwishafika kwenye simu za ndugu walioko Kigali, Bukavu na Ulaya.

Hakuna ubaya wowote hapo. Tatizo linaanza unapomwuliza kijana aliye kwenye picha hiyo vipande vya vazi lake vinaitwaje na bibi yake alivaa nini siku aliyoolewa. Mara nyingi utajibiwa kwa neno moja tu, "gakondo", yaani vya asili, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mshanana una umukenyero, unaofungwa kiunoni ukiwa na mikunjo, na umwitero, kitambaa kinachopita juu ya bega moja. Ni vazi la heshima, lakini si la kale kama wengi wanavyodhani. Kabla vitambaa vya pamba vya wafanyabiashara havijaenea, Wanyarwanda walivaa ngozi, na pia impuzu, nguo ya gome la mti wa umuvumu lililopondwa kwa nyundo ya mbao mpaka likalainika. Wanawake walivaa inkanda, sketi ya ngozi. Kwa hiyo anayesema mshanana wa hariri ulikuwepo tangu enzi za Gihanga anatutania.

Kuna pia urugori, utepe wa kichwani unaotengenezwa kwa bua la mtama. Huo ulikuwa pambo na pia taarifa: aliyeuvaa ni mama, amezaa. Msichana akivalishwa urugori ili picha ipendeze, anayejua kusoma mavazi atasoma habari isiyo ya kweli. Mpiga picha naye hana kosa kama hakuna aliyemweleza.

Kupigwa picha na mavazi yetu si jambo la jana. Mwaka 1907 msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mtu wa ukoo wa kitawala wa Ujerumani, ulifika Nyanza na kumpiga picha Mwami Yuhi Musinga akiwa katika mavazi yake ya kifalme. Katika msafara huo alikuwemo Jan Czekanowski, mtaalamu aliyekuja kupima watu miili. Baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, Mpolandi Kazimierz Zagórski, aliyekuwa na studio Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, alizunguka Afrika ya Kati na kuuza kadi za posta alizozipa jina la "Afrika inayotoweka". Rwanda imo: nywele za amasunzu, wacheza ngoma, wanawake wa ukoo wa kifalme.

Ni picha nzuri mno, tusidanganyane. Mwanga wake umepangwa kwa ustadi ambao wapiga picha wetu wengi wangeuonea wivu. Lakini soma maandishi ya chini ya picha nyingi za wakati ule. Utakuta "Mtutsi", "Mhutu", "Mtwa", kama mtu anavyoandika aina za ndege. Jina la aliyevaa halipo, wala jina la vazi, wala la kilima alichotoka. Mtu amesimamishwa awe mfano wa kabila, na nguo yake ikawa ushahidi.

Wabelgiji walipoanza kutoa vitambulisho vyenye kabila katika miaka ya 1930, mawazo yalikuwa yale yale, isipokuwa sasa karatasi ilikaa mfukoni mwa kila mtu mzima. Kabila lilibaki kwenye vitambulisho hadi baada ya 1994, na msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa karatasi hiyo ilifanya nini kwenye vizuizi vya barabarani mwaka huo. Sisemi kamera ndiyo iliyoua. Ninasema kwamba picha ya vazi isiyo na jina la mtu ina historia mbaya katika nchi hii, na ndiyo maana si suala la urembo peke yake.

Upande wa pili wa jambo hilo ni picha ambazo hazipo. Waliokimbia mwaka 1959 na 1973 hawakubeba albamu. Mwaka 1994 nyumba zilichomwa na kila kilichokuwa ukutani. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba ambamo zimetundikwa picha za kawaida za familia zilizoletwa na walionusurika. Baadhi ya familia hazina hata hiyo moja. Sisi tuliosomea uhamishoni Tanzania tulikuwa na bahati ya ajabu: picha iliyotumwa kwa barua kwa shangazi aliye kambini ilipona, wakati ile iliyobaki nyumbani iliungua.

Kwa sababu hiyo niliwahi kuwaomba wanafunzi wangu hapa Rusizi kila mmoja alete picha ya zamani ya mtu wa familia yake, aeleze nguo iliyovaliwa. Wengi walikuja mikono mitupu. Wengine walileta picha ndogo za kitambulisho. Mmoja, kutoka kisiwa cha Nkombo, alileta picha ya bibi yake akiwa na kitenge, amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua katika studio ya Bukavu. Wenzake walicheka. Kitenge si asili, walisema.

Hapo ndipo somo lilipokuwa tamu. Watu wa Nkombo wana lugha yao iliyo karibu na Kimashi, na Bukavu iko jirani kwa mtumbwi. Ng'ambo hiyo, Mobutu katika miaka ya 1970 alipiga marufuku suti na tai kwa wanaume, na wanawake wakatakiwa kuacha suruali na kuvaa vitenge, kwa jina la kurudi kwenye asili. Lakini kitenge chenyewe kina mizizi katika batiki za Java, zilizoigwa na viwanda vya Uholanzi na kuuzwa Afrika. Basi bibi yule alikuwa amevaa asili ya nani? Kwangu jibu ni rahisi: alivaa nguo yake bora, aliyoichagua mwenyewe, siku aliyolipa apigwe picha. Hakuna kadi ya posta yenye ukweli zaidi ya huo.

Wenzetu wa mbali nao wanalo suala hili. Katika kijiji cha Olympos, kwenye kisiwa cha Karpathos huko Ugiriki, baadhi ya wanawake wameendelea kuvaa mavazi yao ya kale, pamoja na buti za ngozi, hata nje ya sikukuu. Wageni wakaanza kumiminika na kamera. Mtu anayetoka kuchota maji anageuka kivutio, na baada ya muda ni vigumu kujua nani amevaa kwa ajili yake na nani kwa ajili ya mgeni. Sisi tuko njia hiyo hiyo, hasa baada ya UNESCO kuitambua ngoma ya Intore mwezi Desemba 2024 kuwa urithi wa utamaduni.

Hata hivyo, upo mfano mwema wa hapa hapa. Mwaka 2000, katika kituo cha yatima cha Imbabazi, huko Gisenyi, Mmarekani David Jiranek aliwapa watoto kamera za kutumia mara moja ili wapige picha za maisha yao wenyewe. Watoto walijua jina la kila mtu waliyempiga.

Hilo linawezekana Rusizi bila fedha za mfadhili. Vazi jeupe lipigwe asubuhi au jioni, kwa kuwa jua la saa sita hukifanya kitambaa king'ae na uso ubaki mweusi usioonekana. Aliyepigwa aombwe ruhusa na apewe nakala yake. Picha ya karatasi ya bibi inaweza kupigwa kwa simu karibu na dirisha, bila flashi. Kisha nyuma yake paandikwe jina la mtu, jina la vazi, kilima na mwaka, kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya karatasi na baada ya miaka michache hutokeza usoni.