Daktari Aliyewakusanya Madereva

Wanangu, sogeeni niwasimulie habari za Joseph Dudley Benjafield, daktari wa London ambaye rafiki zake walimwita Benjy. Alizaliwa mwaka 1887, akasomea udaktari, kisha akabobea katika elimu ya bakteria, vile vijidudu ambavyo huwezi kuviona mpaka uinamie hadubini. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta jeshini, akapelekwa Misri kutibu askari. Huko ndiko alikokutana na homa kali ya mafua ya mwaka 1918, iliyoua mamilioni ya watu duniani, na mwaka uliofuata aliandika ripoti yake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Jueni kwamba wakati huo madaktari wengi waliamini mafua yanaletwa na bakteria. Kirusi chenyewe cha mafua ya binadamu hakikugunduliwa hadi mwaka 1933. Benjafield na wenzake walikuwa wakipigana na adui wasiyeweza kumwona hata kwa hadubini zao bora.

Sasa mtaniuliza, mtu wa namna hiyo, wa maabara na chupa za dawa, aliingiaje kwenye mbio za magari?

Aliingia kwa kupenda tu. Vita vilipokwisha alinunua Bentley, gari la spoti lililoundwa London na mhandisi W. O. Bentley. Lilikuwa gari kubwa, zito, lisilo na paa la bati. Dereva alikaa juu, upepo ukimpiga usoni, hana mkanda wa usalama, na kichwani ana kofia ya kitambaa tu. Benjafield aliliendesha vizuri hata kampuni ikamwita awe mmoja wa madereva wake. Kundi hilo lilikuwa na matajiri, wanajeshi wa zamani, mpanda farasi wa mashindano na mwandishi wa habari za magari, Sammy Davis. Magazeti yaliwaita vijana wa Bentley, ingawa daktari wetu alikuwa na upara na umri wake ulikuwa unakaribia miaka 40.

Lakini wangeshindana wapi? Uingereza ya siku zile sheria ilikataza gari kwenda zaidi ya maili 20 kwa saa barabarani, yaani kama kilomita 32. Baiskeli ikishuka mlima inaweza kulipita gari la mwendo huo! Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1930. Basi wapenda mbio walikuwa na uwanja wao wa zege, Brooklands, kusini-magharibi ya London, uliofunguliwa mwaka 1907. Aliyetaka mbio za barabara halisi, zenye kona, vumbi na miti pembeni, alivuka bahari kwenda Ufaransa, katika mji wa Le Mans. Huko barabara za kawaida za mashambani zilifungwa, na magari yakazunguka saa 24, mchana na usiku, madereva wawili wakipokezana gari moja.

Mwaka 1926 Benjafield na Davis walikwenda Le Mans wakakosa bahati. Zikiwa zimesalia dakika chache, breki zikiwa zimechoka, Davis aliserereka akaingia kwenye mchanga, na gari likakwama pale pale. Hawakumaliza. Mwaka 1927 walirudi tena pamoja. Napenda jambo hilo. Daktari angeweza kutafuta mwenzake mwingine, lakini hakufanya hivyo.

Mwaka huo Bentley ilipeleka magari matatu. Mpaka jioni yalikuwa yakiongoza. Giza likaanza kushuka. Kwenye kona iitwayo Nyumba Nyeupe, gari moja la Kifaransa lilikuwa limeteleza na kuziba njia. Bentley ya kwanza ikatokea kwa kasi, ikakwepa, ikaangukia mtaroni. Ya pili ikaja, nayo ikagonga. Ya tatu ilikuwa ya Davis. Kabla hajaifikia kona aliona udongo na vipande vya mbao vimetapakaa barabarani, vitu ambavyo havikuwepo mzunguko uliopita. Akapunguza mwendo. Hakuwahi kusimama kabisa, akagonga pia, ila hakugonga kwa nguvu ya kuua. Macho yake makini ndiyo yaliyookoa gari hilo, na labda roho yake.

Alishuka akawatafuta wenzake gizani, akawakuta wako hai. Kisha akalichomoa gari lake kutoka kwenye rundo la vyuma na kulikokota taratibu hadi kituo chao cha matengenezo. Taa kubwa imevunjika, madigadi yamekunjamana, ekseli ya mbele imepinda. Kanuni za Le Mans zilikuwa kali: fundi haruhusiwi kugusa, dereva atengeneze mwenyewe kwa vifaa vilivyomo ndani ya gari. Davis akanyoosha alichoweza kunyoosha na kufunga alichoweza kufunga.

Halafu akamkabidhi Benjafield usukani.

Fikirini zamu hiyo. Ni usiku, mvua inanyesha, gari linavuta upande, mwanga wenyewe ni wa kubahatisha, na kila mzunguko una zaidi ya kilomita 17. Walikuwa nyuma ya gari la Kifaransa, Aries, nao wakalifuata saa baada ya saa. Jumapili mchana, muda ukiwa unakaribia kwisha, Aries ikaharibika. Bentley iliyojeruhiwa ikapita mbele na kushinda, ikiwa imekwenda zaidi ya kilomita 2,300. Waliporudi London, mwenye gazeti alilofanyia kazi Davis aliwaandalia karamu katika hoteli ya Savoy, na gari lenyewe likaingizwa ukumbini pamoja na majeraha yake, kama mgeni wa heshima.

Wengi wakimtaja Benjafield hukomea hapo. Mimi naona jambo lake kubwa zaidi lilikuja baadaye, na halikuhitaji mwendo kasi hata kidogo.

Benjafield alikuwa mkarimu. Alizoea kuwaalika madereva nyumbani kwake kula chakula cha jioni. Watu walioshindana vikali uwanjani, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake, walikaa meza moja wakazungumza matairi, kona na safari za ng'ambo. Kutokana na karamu hizo, Aprili 1928 ilizaliwa klabu ya madereva wa mbio wa Uingereza, British Racing Drivers' Club, ikiwa na wanachama 25. Kati ya malengo yake yalikuwamo kuwapongeza wanaofanya vizuri, kuwasaidia Waingereza wanaoshindana nje, na kuwapokea kwa ukarimu madereva wageni wanaokuja Uingereza. Lengo hilo la kuwapokea wageni limebeba alama ya mwanzilishi wake, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tayari pale mezani kwake.

Klabu haikubaki kula tu. Mwaka 1929 iliandaa Brooklands mbio za maili 500. Ili gari dogo lipate nafasi dhidi ya kubwa, yale dhaifu yaliondoka kwanza, na yenye nguvu yakasubiri, kisha yakaanza kuyafukuza. Mwaka huo huo Benjafield alirudi Le Mans akamaliza wa tatu, siku ambayo Bentley zilichukua nafasi zote nne za kwanza.

Vita ya Pili ikaifunga Brooklands, na mbio hazikurudi tena. Ila vita hiyo hiyo iliacha viwanja vya ndege vilivyokuwa havina kazi, na kimoja kilikuwa Silverstone. Hapo, tarehe 13 Mei 1950, yalifanyika mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa Formula 1, na Mwitaliano Giuseppe Farina akashinda. Mwaka 1952 klabu ya Benjafield ikakodi uwanja huo na kuuendesha. Daktari alikuwa hai kuyaona hayo. Alifariki mwaka 1957. Mwaka 1971 klabu ikanunua ardhi yenyewe, na mpaka leo Silverstone ni mali yake. Hapo ndipo dereva Lewis Hamilton aliposhinda shindano la Uingereza kwa mara ya 9, mwaka 2024.