Vilivyobaki Lupangoni ni vya Nani? (4)

Hati ya uandikishaji na sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 tumekwisha kuzieleza, sitazirudia. Wasomaji wa Kampemba na Katuba wanauliza: nimenunua nyumba, mwenyewe amehama, ameacha kabati, jenereta na rundo la mabati makuukuu. Je, vimekuwa vyangu? Nitajibu, lakini kwanza twende kwenye terili, yaani lile rundo la masalia ya tanuru, kwani nalo linauliza swali hilohilo.

Tangu Oktoba 2024, STL, kampuni inayochakata masalia hayo, ilipopeleka jermaniumu yake ya kwanza kwa Umicore ya Ubelgiji, ule mlima mweusi wa Lubumbashi unatajwa tena. Mimi naupenda tangu utotoni. Kampuni ya Union Minière iliwasha tanuru hapa mwaka 1911. Shaba ikatoka, na masalia yakamwagwa yakiwa moto bado, miaka nenda miaka rudi. Ndani yake mlikuwa na kobalti, zinki, na jermaniumu iliyokuja na mawe ya Kipushi. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilitwaa mali za Union Minière nchini, zikaingia mikononi mwa kampuni yake, Gécomin, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Mlima nao ukahama pamoja na tanuru. Kisha ukaja ubia: OMG ya Marekani asilimia 55, Groupe Forrest 25, Gécamines 20. Mzigo uliotoka kwenye tanuru jipya la ubia huo ukasafirishwa hadi Kokkola, Finland. Mwenye mlima ndiye aliyepata fungu dogo kuliko wote! Leo STL yote ni ya Gécamines, nami nafurahi, lakini miaka ile bado inaniuma. Tulikubali upesi mno kuita uchafu kitu ambacho hatukukipima.

Kanuni ya madini ya 2002 haikufanya kosa hilo. Marundo ya namna hii yanahesabiwa kuwa madini ya taifa, na haki juu yake ni mbali na haki ya ardhi. Anayepata kiwanja hapati kilichorundikwa juu yake.

Nyumbani nako usidhani kila kitu huja na ufunguo. Kilichoshikamana na jengo au udongo, kama milango, bati la paa na mwembe, huenda kwa mnunuzi. Kabati na jenereta hubaki mali ya muuzaji mpaka aviache kwa hiari yake. Mkataba usipovitaja, ukimya wake si zawadi. Tena sheria ya jinai inamwadhibu mtu anayeficha au kuuza kitu cha mwenzake kilichomwangukia mkononi. Ndugu zangu, kuuza jenereta la mtu kwa sababu tu alichelewa kulifuata ni aibu hata kabla ya kuwa kosa. Andikeni orodha siku ya kutia sahihi. Kama siku hiyo imepita, mpe muuzaji barua na muda wa kutosha, mbele ya mashahidi, na vitu vyake visinyeshewe.

Mabati makuukuu ni shauri gumu zaidi. Hapo lazima tujue kama mwenyewe aliyatupa au aliyaweka, na macho ya mpita njia hayatoshi kuamua. Juma lijalo nitaanzia hapo.