Vijidudu Vinavyolisha Maharage

Ukisikia vijidudu unafikiri ugonjwa. Lakini si vyote ni adui.

Maharage yakianza kutoa maua, chimbua shina moja kwa jembe. Usiling'oe, mizizi itakatika. Suuza udongo polepole. Utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Kama vinabanduka kwa urahisi, si ugonjwa. Ndani yake wanaishi bakteria. Wao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuupa mmea. Mmea nao huwapa sukari. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu kama nyama mbichi, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hakikusaidii.

Naitrojeni hiyo hujenga protini ya maharage. Mtoto aliyeachishwa kunyonya anaihitaji sana. Karanga na kunde ni hivyo hivyo.

Bakteria wengine hukaa kando ya mizizi na kuzuia wale wanaoiozesha. Chakula chao ni mabaki ya mimea. Kwa hiyo usichome mabua ya mahindi. Yaache yaoze shambani, au tia samadi.

Lakini udongo huo huo una vijidudu vya pepopunda. Samadi pia inavyo. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu cha mtoto mchanga, hata kama bibi anasema ni dawa. Ukijikata kwa jembe, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo ukaulize sindano ya pepopunda.