Kuku Mmoja Huuzwa Mara Tatu

Kanisani kwetu Laare kuku mmoja anaweza kuuzwa mara tatu Jumapili moja. Anayemnunua hulipa, kisha humrudisha mbele auzwe tena, na mnada unaendelea hadi atokee wa kumbeba kwenda naye nyumbani. Mkungu wa ndizi nao hivyo hivyo, na trei ya mayai. Wageni hucheka sana. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya kusaidia familia, na nikitazama jogoo yule aliyefungwa miguu najua ni unga wa nani.

Wanaotupita wakielekea Mutuati hudhani Laare ni mji wa pesa, maana hapa ni miraa asubuhi hadi jioni. Huchumwa alfajiri, ikafungwa kwa majani ya migomba, kisha magari huikimbiza Nairobi, kwani baada ya siku mbili hivi haina bei tena. Pesa ipo kweli, ila haikai. Uingereza ilipopiga miraa marufuku Juni 2014, kapu letu la sadaka lilijua mapema. Machi 2020 Somalia nayo ikafunga, na haikufungua hadi Julai 2022. Katika miaka hiyo watu waliozoea kununua kuku mnadani walikuja kwangu jioni, mlango ukiwa nusu wazi, kuuliza kama kamati ina chochote.

Hata mwaka wa kawaida una mitego yake. Mvua ikinyesha miraa hujaa sokoni na bei huanguka. Jua likiwaka bei hupanda, lakini anayeuza ni mwenye maji ya kumwagilia. Mchumaji asiye na shamba hukosa pande zote mbili. (Wako wahubiri wasiotaka hata kusikia sadaka ya miraa. Mimi huwauliza unga wa mjane watautoa shamba gani.)

Anayejua nani amelala njaa ni jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa mtindo wa Kanisa katika miaka ya 1970, na sisi tunaona faida yake hadi leo: nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ukisali sebuleni kwa mtu unaona kama jikoni kunatoka moshi. Mwenyekiti wa jumuiya huniletea jina kwa siri, kamati hulipitisha, na Jumapili jina halitajwi. Kinachosomwa ni kiasi tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Pesa taslimu hatutoi ovyo. Tunamalizana na mwenye duka la mahindi, au na fundi wa sare za shule. Siku hizi mzigo mkubwa ni bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na mshahara hulipa kulingana na hali ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kulipa ya mwaka mzima mara moja. Shilingi 3,600 si pesa ya mtu anayelipwa kwa siku. Mama akiwa mjamzito hatungoji mnada. Tunalipa, kisha tunatafuta.

Mara nyingi naulizwa, "Mama, kwa nini msimwite mheshimiwa? Atajaza kapu kwa dakika tano." Atalijaza, ndiyo. Lakini pesa ya mheshimiwa huja na kipaza sauti, na lazima maskini asimamishwe mbele apigwe picha. Nimekaa katika harambee za namna hiyo na nimeona watoto wanavyoinamisha vichwa. Julai 2024 Rais Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee tena. Novemba mwaka huo huo yeye mwenyewe akatoa zaidi ya shilingi milioni 2 katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba pesa zitarudishwa, na kwamba Kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa. Wako walionung'unika hata hapa kwetu. Mimi nilisema amina, kwa sababu pesa kubwa ya siku moja hufundisha waumini kukunja mikono, na mwezi unaofuata kapu hurudi likiwa jepesi.

Basi wewe uliye Nairobi au ng'ambo, unayetaka kusaidia familia huku nyumbani, usisubiri kadi ya harambee yenye jina la mgeni wa heshima. Mpigie mwenyekiti wa jumuiya ya mama yako, tuma kidogo kila mwezi, na mwisho wa mwezi omba usomewe kitabu. Akikataa kukisoma, tafuta jumuiya nyingine.